Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?

Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa mjini Unguja mtoto wa Kiparsi aliyepewa jina la Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu wakati wa utawala wa Kiingereza. Mtoto huyo ndiye ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki iitwayo Queen, aliyefariki dunia London tarehe 24 Novemba 1991. Tangu siku hiyo wapenzi wa muziki wake hawajaacha kumkumbuka. Huku kwetu alikozaliwa, yamekuwapo makundi mawili yapigayo kelele juu yake: moja humkana, jingine humwuza. Sisi twayapinga yote mawili.

Wamkanao hushika methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Huyu, wasema, hakucheza kwao. Alipelekwa shule Panchgani, India, angali mdogo; alirejea Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa yake ikahamia Uingereza. Hakuimba kwa Kiswahili, wala muziki wake si taarabu wala ngoma. Mwaka 2006, ilipokusudiwa kufanywa sherehe ufukweni Unguja kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, walitokea wapinzani waliosema kuwa mwenendo wa maisha yake haupatani na dini wala mila za visiwa, na sherehe hiyo ikaachwa.

Wako pia wanaotafuta msaada katika hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo Mwalimu aliwasuta wale waliojifunza rumba, chachacha na roki, ilhali gombe sugu, mangala na lelemama hawakupata hata kuzisikia. Basi, husema hao, mwimbaji wa roki atuhusu nini?

Twawajibu kwamba wameisoma nusu ya hotuba. Mwalimu hakumlaumu mtu kwa kuijua roki. Alimlaumu kwa kutoijua gombe sugu. Na hapo hapo aliongeza kuwa taifa likataalo kujifunza kutoka utamaduni wa wengine ni taifa lililopungukiwa na akili. Anayeitumia hotuba hiyo kuziba madirisha anamsemea Mwalimu maneno ambayo hakuyasema.

Tena, kukiri kwamba mtu amezaliwa kwetu si kumtangaza kuwa mtakatifu. Ni kusema kweli tu. Unguja ni mji wa bandari. Mitaa yake ilijengwa na kukaliwa na Waswahili, Waarabu, Wahindi, Wangazija na hao Waparsi, ambao walikuwa wachache na wenye dini yao ya kale. Tukilifuta jina la mtoto mmoja wa Kiparsi kwa sababu mwenendo wake hautupendezi, tutawafutaje wengine kesho, na kwa kipimo cha nani? Historia ikianza kuwachuja watu mlangoni, mwisho wake hubaki na wageni waalikwa peke yao.

Kundi la pili ni hatari zaidi, kwa kuwa huja na tabasamu. Hili halimkani mwimbaji. Humkiri kwa bei. Jina lake limepachikwa juu ya fulana na juu ya milango ya mikahawa. Nyumba zaidi ya moja katika Mji Mkongwe zimewahi kuonyeshwa wageni kuwa ndiyo nyumba aliyokulia, kana kwamba mtoto mmoja aliweza kulala katika vyumba vitatu usiku mmoja. Mwaka 2019 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho yake huko Shangani, nasi twaiona kuwa hatua njema. Lakini makumbusho ambayo mtoto wa mtaa hupita mlangoni pake bila kujua kilichomo, huku mgeni akitoka Ulaya kuja kukiona, bado hayajawa kumbukumbu ya mji. Ni duka lenye picha ukutani.

Sasa na tuwatazame wale wapenzi wa muziki wake, ambao baadhi yetu huwacheka kwa kumlilia mtu wasiyehusiana naye kwa damu. Tarehe 13 Julai 1985 watu wapatao 72,000 walikusanyika katika uwanja wa Wembley, London, katika tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Queen walipewa dakika kama 20 tu. Ulipopigwa wimbo wa Radio Ga Ga, uwanja mzima uliinua mikono na kupiga makofi kwa pamoja. Waliokuwapo wangali wanasimulia siku hiyo, na wanaposimulia hawamtaji mwimbaji peke yake: humtaja na jirani aliyesimama kando yao, mgeni ambaye kwa dakika hizo alikuwa ndugu. Hilo ndilo jambo ambalo wazee wetu walilijua katika uwanja wa ngoma.

Mwimbaji alipotangaza kuwa ana Ukimwi, alifariki siku ya pili yake. Wapenzi wake hawakuuficha ugonjwa huo chini ya jina jingine. Tarehe 20 Aprili 1992 walirudi Wembley katika tamasha la kumkumbuka, na kutokana nalo ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust wa kupambana na Ukimwi. Sisi, ambao wagonjwa wetu wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, twajua ni makaburi mangapi yaliyofukiwa pamoja na uongo. Twajua pia kwamba Remmy Ongala alipoimba Mambo kwa Soksi ili kuwaonya watu, wimbo wake ulinyimwa nafasi redioni. Nani basi wa kumcheka mwenzake?

Mwaka 1996 ilisimamishwa sanamu ya mwimbaji huyo mjini Montreux, Uswisi, kando ya ziwa, na kila Septemba wapenzi wake wamekuwa wakikusanyika hapo. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipokufa. Wamefundishwa na waliotangulia: mwaka gani, wimbo gani, uwanja gani. Huo ni ufundishaji, walimu wenzetu, nao unafanyika bila ubao wala chaki.

Turejee kwenye methali. Neno kutunza lina maana mbili katika lugha yetu: kumpa mchezaji tuzo, na kuhifadhi. Ile ya kwanza twaiweza sana, maana twajua kumpachika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Ya pili imetushinda. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili na akafariki mwaka 1950, alicheza kwao. Tunayoyajua juu yake kwa uhakika, mengi tumeyapata kwa sababu mtu mmoja, Shaaban Robert, alishika kalamu akaandika wasifu wake. Bi Kidude naye alicheza kwao hadi uzeeni. Katika Ngome Kongwe aliimba mara kadhaa kwenye tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Waliosimama mbele yake usiku ule wangali hai, wengine wanauza samaki sokoni, wengine wamo katika vyumba vya walimu. Nani amewauliza?

Kazi hii haingoji wizara wala mfadhili. Mwanafunzi wa sekondari mwenye daftari aweza kumwendea bibi au mjomba wake na kuuliza: ulimsikia nani, wapi, mwaka gani, alivaa nini, watu waliitikiaje? Mwalimu aweza kuyakusanya madaftari hayo, kuyasahihisha tarehe zake na kuyaweka katika maktaba ya shule. Aanze na Siti na Bi Kidude, aendelee hadi kwa mtoto wa mtunza fedha wa Mahakama Kuu, bila kumwogopa na bila kumwuza. Wazee wanaoyakumbuka hayo wanapungua kila mwaka.