Michezo ya Bunduki na Umri wa Watoto Wetu

Kila likizo ya skuli inapoanza, malalamiko hurudi yale yale: watoto wamepotelea kwenye simu na katika mabanda ya gemu, na mchezo unaowavutia kuliko yote ni ule wa kupigana bunduki. Wako wazazi wanaotaka michezo hiyo ipigwe marufuku mara moja. Wako pia wanaosema kuwa ni mchezo tu, na kwamba mtoto anayecheza nyumbani ni afadhali kuliko anayezurura mitaani. Gazeti hili linaona kwamba pande zote mbili zinatoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi. Mambo ya malezi hayafai kuamuliwa kwa namna hiyo.

Inafaa tuanze kwa kuueleza mchezo wenyewe, kwani wengi wanaoulaumu hawajapata kuutazama. Tuchukue mfano wa PUBG, uliotoka mwaka 2017 na kuingia katika simu mwaka 2018. Wachezaji wapatao 100 huruka kwa miavuli kutoka kwenye ndege na kutua kisiwani mikono mitupu. Huingia majumbani, huokota bunduki na risasi, kisha huwindana. Eneo la usalama huzidi kupungua, mpaka abaki mtu mmoja au kikosi kimoja. Free Fire, ambao ni wa aina hiyo hiyo na hauhitaji simu ya gharama kubwa, huchukua wachezaji 50. Sisi wakaazi wa visiwa hatuwezi kukosa kuliona jambo moja hapa: kisiwa, ambacho kwetu ni mahali pa watu kujuana na kusaidiana, katika mchezo huu kimefanywa mahali ambapo kila jirani ni adui.

Je, mchezo wa namna hii humfanya mtoto awe muuaji? Ushahidi uliopo hausemi hivyo. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka mwaka 2015 kwamba upo uhusiano baina ya gemu za fujo na mwenendo wa ukali. Mwaka 2020 kikalifafanua tamko hilo, kikionya kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzihusisha gemu hizo na uhalifu wa kutumia nguvu. Uhusiano uliothibitika ni mdogo, na unahusu mambo kama kufoka na kusukumana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika utafiti uliotolewa mwaka 2019 kuhusu vijana wa Uingereza wenye miaka 14 na 15, hawakuona kuwa waliocheza zaidi gemu za fujo walikuwa wakali zaidi. Kwa hiyo kiongozi anayesimama jukwaani na kuzitupia gemu lawama ya kila kosa la vijana anawapotosha wananchi, na papo hapo anazifunika sababu nyingine, kama vile ukosefu wa kazi na dawa za kulevya.

Hata hivyo, jambo lisiloua si lazima liwe linafaa. Nchi zinakotoka na kuuzwa kwa wingi gemu hizi hazikuziacha bila ya kipimo. Marekani iliunda bodi yake, ESRB, mwaka 1994, kufuatia vikao vya Baraza la Seneti vya mwaka uliotangulia. Ulaya imekuwa na mpango wake, PEGI, tangu mwaka 2003. Mchezo wa PUBG umepewa umri wa miaka 13 na bodi ya Marekani, lakini Ulaya umepewa miaka 16. Tofauti hiyo ya miaka mitatu inatufundisha kwamba namba ya umri ni uamuzi wa jamii kuhusu malezi ya watoto wake. Jamii yetu nayo ina haki ya kuamua. Lakini ifahamike kwamba hakuna hata mmoja kati ya wapimaji hao aliyesema kuwa mchezo huu unamfaa mtoto wa miaka minane au tisa, na hao ndio wanaoonekana kila siku katika mabanda yetu.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yapimwe. La kwanza ni kile anachokiona na kukitenda mchezaji. Gemu za bunduki hazilingani. Katika Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009 mna sehemu ambapo mchezaji hutiwa ndani ya kundi la magaidi wanaowamiminia risasi abiria wasio na silaha katika uwanja wa ndege. Ulaya iliipa gemu hiyo umri wa miaka 18, na hapana mwanafunzi wa skuli anayestahili kuicheza. Katika PUBG wanaopigana wote ni wachezaji wenye kutafuta silaha. Ni makosa kuzitia zote kapu moja.

La pili ni sauti anazozisikia. Michezo hii huwaunganisha watu wasiojuana na kuwawezesha kuzungumza. Mzazi asiyemruhusu mwanawe kukaa barazani na mtu asiyemjua humwachia azungumze na watu wa namna hiyo usiku kucha, na humo matusi na ulaghai si mambo mageni.

La tatu ni fedha na wakati. Free Fire huuza almasi za mchezo kwa fedha halisi, na almasi hizo hutumika pia katika bahati nasibu za kutafuta mavazi na mapambo ya bunduki. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa masanduku ya bahati katika gemu ni kamari. China, mwaka 2021, iliwawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha saa tatu kwa wiki katika gemu za mtandaoni. Uraibu wa gemu umo katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Baada ya kuyapima hayo, tunasema wazi: PUBG na michezo inayofanana nao haimfai mtoto aliye chini ya miaka 13. Kuanzia miaka 13 hadi 15, achezeshwe nyumbani, mbele ya mkubwa, sauti za wageni zikiwa zimefungwa, asinunue kitu, na saa zake zihesabiwe. Kijana wa miaka 16 anaweza kuaminiwa zaidi.

Hatuungi mkono marufuku ya jumla. Nepal ilijaribu kuifungia PUBG mwezi wa Aprili 2019, na mwezi huo huo Mahakama yake ya Juu ikasimamisha amri hiyo. Wazee wetu wanazikumbuka sinema za Majestic na Cine Afrique, ambako filamu ilipitiwa kabla ya kuoneshwa. Leo lipo Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Tunashauri baraza hilo litoe orodha ya gemu na umri wake kwa Kiswahili, na ibandikwe katika kila banda. Nao wanaotoa leseni, kwa kushirikiana na masheha, wahakikishe kuwa mabanda hayapokei wanafunzi wakati wa masomo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Hawa ni dhamana ya Serikali pia.

Lakini hakuna sheha atakayeingia chumbani usiku kuitazama simu. Wengi wetu tumewapa watoto simu ili tupate utulivu, wala hatukuuliza wanacheza nini. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mzazi na aketi na mwanawe japo kwa mchezo mmoja, mwanzo hadi mwisho, ndipo aamue.