Mtoto Analala na Nani Huko?

Wazazi wanapoachana, Singida kama kwingineko, ugomvi wa kwanza ni mtoto akae kwa nani. Wa pili huzuka akirudi kutoka likizo ya Kiomboi au Manyoni. Analala na nani huko? Nani anamwogesha? Na yule mpangaji wa chumba cha uani?

Swali la kwanza lina majibu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, isipothibitishwa vinginevyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kumtembelea mzazi wa upande wa pili. Kwa swali la pili mzazi hubaki na hofu yake, na hofu humsukuma ama kumzuia mtoto asiende tena, ama kumhoji kila arudipo mpaka ajue jibu linalomridhisha anayeuliza. Huku kuhoji ndiko kunakonitisha zaidi. Mtoto aliyezoeshwa majibu, siku akipatwa na jambo la kweli, nani atamwamini?

Kulala chumba kimoja na bibi na binamu ni maisha ya nyumba nyingi mkoani. Kumwita mama wa kambo "mama" hakumdhuru. Hayo wazazi wayazungumze wenyewe, au wamtume shangazi. Lakini binti wa miaka 9 kulazwa kitanda kimoja na mwanamume mzima, au walevi wa pombe inayouzwa nyumbani kupita anapolala, hapana. Hilo si suala la malezi tofauti.

Kifungu cha 136 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama, inapowezekana, isikilize ushauri wa mjuzi wa ustawi wa watoto. Kwa nini tusubiri mahakama? Afisa ustawi wa jamii azitembelee nyumba zote mbili, maana akienda ya mlalamikiwa peke yake atageuzwa silaha ya mlalamikaji. Halmashauri zimpe usafiri wa kufika vijijini.

Dalili za ukatili zikionekana, usuluhishi usimame. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Shauri la namna hiyo liende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu 116, hata kama mtuhumiwa ni ndugu na familia inataka yaishe kwa mbuzi. Wazee wa ukoo wasaidie kupanga likizo na matunzo. Hili la ukatili si lao.