Msimamizi Asiwe Jina la Kujaza Fomu

Daktari wa wanyama aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akihamia Australia hukuta kwamba shahada yake peke yake haimruhusu kutibu. Haijalishi ametibu ndigana kali kwa miaka mingapi, wala amechanja mbwa wangapi dhidi ya kichaa. Orodha ya vyuo ambavyo shahada zake hutambuliwa moja kwa moja ni fupi: kutoka Afrika, Chuo Kikuu cha Pretoria kimo, vya Afrika Mashariki havimo. Mhitimu huyo hutakiwa kufanya mtihani maalumu wa Australia na New Zealand, ambao huanza kwa maswali ya kuchagua majibu na kumalizikia kwa vitendo mbele ya watahini. Kati ya hatua hizo mbili hupita muda mrefu, na wako wanaoupitisha wakisafisha vizimba katika kliniki ambazo kwao wangekuwa wakuu wake.

Ili kupunguza upotevu huo, na kwa kuwa nchi ina uhaba mkubwa wa madaktari wa wanyama, hasa vijijini, baadhi ya majimbo ya Australia yamefungua mlango wa usajili wenye mipaka. Aliyefaulu hatua ya kwanza anaweza kuruhusiwa kutibu, lakini katika kituo kilichotajwa, kwa masharti yaliyoandikwa, na chini ya msimamizi mwenye usajili kamili. New Zealand nayo ina usajili wa namna hiyo chini ya Sheria ya Madaktari wa Wanyama ya mwaka 2005.

Kwa msomaji wa hospitalini jambo hili si geni. Daktari aliyemaliza chuo hufanya kazi mwaka mzima chini ya macho ya wengine kabla ya kupata usajili kamili, na kila aliyepita huko anakumbuka tofauti kati ya bingwa aliyesimama kando ya kitanda na bingwa aliyeonekana kwenye ratiba ya zamu tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama usajili wenye mipaka ni mpango wa usalama au ni njia ya mkato ya kujaza nafasi.

Aliyesomea kwingine mara nyingi hakosi elimu. Anachokosa ni kuijua nchi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni virusi vya Hendra. Mwaka 1994, katika kitongoji cha Hendra mjini Brisbane, farasi waliugua ghafla, na mkufunzi wao akafariki baada ya kuwahudumia. Ilibainika baadaye kwamba virusi hivyo huishi kwa popo wala matunda, humwingia farasi, na kutoka kwa farasi huweza kumwambukiza binadamu. Watu 7 wanajulikana kuambukizwa, 4 kati yao wakafa, na wawili kati ya waliokufa walikuwa madaktari wa wanyama. Farasi mwenye Hendra haandikwi ugonjwa wake usoni. Huwa na homa, huhema kwa shida, hupepesuka. Dalili ambazo mgeni anaweza kuzipa majina kumi mengine kabla ya kufikiria kuvaa barakoa na glavu mbili. Mitihani inaweza kumuuliza swali moja juu ya Hendra, naye akalijibu vizuri. Kumzuia asitie mkono mtupu kinywani mwa farasi anayehema vibaya ni kazi ya mtu aliye karibu naye asubuhi ile.

Mfano wa pili unamgusa kila mgonjwa aliyewahi kuandikiwa antibiotiki. Katika nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwamo, enrofloksasini hutumika kwa kuku bila mtu kushangaa. Dawa hiyo ni ya familia moja na siprofloksasini, ambayo wahudumu wa afya huitumia kwa binadamu kila siku. Australia haikuruhusu kamwe dawa za familia hiyo kwa wanyama wanaoliwa. Daktari aliyezoea kuiandika kwa mkono mwepesi hana nia mbaya. Anafanya kama alivyofundishwa. Msimamizi anayepitia maandishi ya dawa jioni, kabla kopo halijaondoka kaunta, hulimaliza jambo hilo kwa dakika mbili. Msimamizi anayetia saini ripoti ya robo mwaka huligundua wakati nyama imekwisha kuliwa. Ketamini nayo, ambayo huko huwekwa katika kundi la dawa zinazodhibitiwa sana na matumizi yake kuandikwa daftarini, hutaka mazoea ambayo hayapatikani kwa kusoma waraka.

Hapa ndipo mpango unapojigonga. Kliniki inayomhitaji zaidi daktari wa usajili wenye mipaka ni ile ya kijijini yenye daktari mmoja au wawili, waliochoka kwa kuamshwa usiku. Wanamwajiri mwenzao kutoka ng'ambo ili walale. Lakini kama wao wamelala, nani anasimamia? Ng'ombe aliyekwama kuzaa saa nane za usiku, umbali wa kilomita 60 kutoka kliniki, humkuta mgeni peke yake na simu ambayo huenda isipate mtandao. Kwenye karatasi msimamizi yupo. Zizini hayupo, na anayejua hivyo kwa hakika ni yule mgeni na ng'ombe.

Wako wanaosema kwamba masharti makali ya usimamizi ni wivu wa kitaaluma uliovikwa joho la usalama, na kwamba aliyefaulu mtihani aachwe afanye kazi. Shutuma hiyo haikosi chembe ya ukweli. Vyama vya wataalamu kila mahali vimewahi kulinda mifuko yao kwa jina la mgonjwa. Hata hivyo, anayeumizwa kwanza na usimamizi hafifu ni daktari huyo huyo wa kutoka nje. Kosa likitokea, faili itakayofunguliwa ni yake. Usajili wake ndio mwembamba, na kibali chake cha kuishi nchini mara nyingi kimefungwa kwa mwajiri ambaye pengine ndiye msimamizi.

Kwa hiyo mambo mawili yanafaa kudaiwa bila aibu. La kwanza ni muda. Anayekubali kusimamia apunguziwe wagonjwa wake mwenyewe, na saa za usimamizi zilipwe kama kazi. Hakuna atakayefundisha upasuaji wa kuhasi jike la mbwa huku watu kumi na wawili wanamngoja mapokezini. Usimamizi wa karibu uje kwanza: msimamizi awe chumba kimoja na msimamiwa, kisha jengo moja, na usimamizi wa simu upatikane kwa kustahili, tendo moja baada ya jingine. Aliyekwisha kushona majeraha 20 mbele ya mwenzake ashone peke yake. Nusu kaputi ya farasi ingoje. Zamu ya usiku iwe ya mwisho kabisa kuachiwa. Kliniki isiyoweza kutimiza hayo haistahili kupewa mtu wa namna hii, hata kama uhaba wake ni wa kuhuzunisha, na serikali za majimbo zitafute njia nyingine ya kuisaidia, kwa mfano kuwalipa madaktari wastaafu wakae huko kwa miezi michache wakiwa wasimamizi.

La pili ni mahali pa kusemea. Tangu Julai 2024 sheria za uhamiaji za Australia humpa mfanyakazi aliyeachana na mwajiri aliyemdhamini hadi siku 180 mfululizo za kutafuta mdhamini mwingine. Ni nafuu ya kweli. Lakini usajili uliofungwa kwa jina la msimamizi mmoja na kituo kimoja hauwezi kuhamia kliniki ya pili bila kibali kipya cha bodi, kwa hiyo siku hizo zaweza kumalizikia kwenye foleni. Bodi ya usajili ingeweza kumteulia kila msimamiwa mtu wa pili, asiye mwajiri wake, wa kuzungumza naye kila mwezi. Na jibu la ombi la kubadili msimamizi litolewe kwa siku, si kwa miezi.

Mwenye mnyama naye aambiwe. Katika hospitali za kufundishia wagonjwa huzoea kuelezwa kwamba anayewahudumia yuko mafunzoni, na wengi hukubali mradi wajue mkubwa wake ni nani. Beji yenye jina la daktari na, chini yake, jina la msimamizi aliye zamu siku hiyo ingemsaidia mwenye mnyama, na ingemsaidia msimamizi kukumbuka kwamba yuko kazini.

Lipo pia ambalo wasimamizi wenyewe husahau: msimamiwa ana ya kuwafundisha. Mlipuko wa mwisho wa ugonjwa wa miguu na midomo Australia ulikuwa mwaka 1872. Hivyo karibu madaktari wote waliosomea humo wameyaona malengelenge ya ulimi wa ng'ombe kwenye picha tu. Mwaka 2022 ugonjwa huo ulipoingia Indonesia na kufika Bali, kisiwa ambacho watalii wa Australia hukienda kwa maelfu, nchi nzima ilishtuka. Katika kliniki fulani za vijijini, aliyewahi kufungua kinywa cha ng'ombe mwenye ugonjwa huo, akayagusa malengelenge yale na kunusa harufu yake, huenda alikuwa yule aliyezuiwa kuandika dawa bila saini ya pili.