Ruta, Kabati na Lugha ya Zabuni

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili hukesha tukibishania jina la kifaa: je, tuseme ruta au kipanga njia? Kwa maoni yangu swali hilo ni dogo. Istilahi hupimwa pale inapotakiwa kulinganisha vitu viwili na kuamua fedha ziende wapi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sasa basi, tukiombwa kuandika zabuni ya mitambo ya mtandao, tutaiweza?

Natujaribu. Chukulia taasisi yenye matawi 40, kila tawi likiunganishwa na makao makuu kwa laini ya kukodi ya aina ya E1, yenye kasi ya megabiti 2.048 kwa sekunde. Njia ya kwanza ni kununua ruta ndogo 20 za kuwekwa makao makuu, kila moja ikiwa na matundu mawili ya E1 na kimo cha yuniti moja ya kabati, yaani milimita 44.45. Bei ya kila moja humvutia mnunuzi. Lakini rahisi huvunja upishi: zitameza yuniti 20 katika kabati la yuniti 42, na kudai soketi 20 za umeme, nyaya 20 za kuziunganisha na mtandao wa ndani, na mtu wa kuzitunza zote.

Njia ya pili ni ruta moja kubwa ya kupachikwa kadi. Cisco 7206VXR, ambayo haiuzwi tena na kiwanda, ilikuwa na kimo cha yuniti 3 na nafasi 6 za kadi. Ziliwahi kuwapo kadi za E1 8. Kadi 5 zingetosheleza matawi yote. Tena, kampuni ya simu ikikubali kuzifunga laini hizo katika STM-1 moja, kadi moja huweza kupokea hadi E1 63.

Kwa bei ya kifaa kimoja, ruta ndogo hushinda. Kwa nafasi ya kabati, hushindwa vibaya. Ila ruta kubwa ikizimika, matawi yote 40 huzimika nayo. Mnunuzi mwangalifu atanunua mbili, na yuniti 6 bado ni chache kuliko 20. Siku hizi laini nyingi huja kwa Ethernet, lakini namna ya kupiga hesabu ni ile ile.

Hapa ndipo lugha inapotutega. Wengi wangetumia neno “msongamano” kwa sifa hiyo ya kubeba mengi mahali padogo. Kwa sikio la Mkenya, msongamano ni kero ya magari barabarani. Mzabuni atadhani anakatazwa jambo analotakiwa kulitimiza! Mimi ningeandika “idadi ya matundu kwa kila yuniti ya kabati”. Ni maneno manane, na mwanaistilahi atanuna, lakini mhasibu asiyejua mitambo ataweza kumdai kila mzabuni takwimu hiyo, kisha aigawanye bei kwa idadi ya matundu.

Chama chetu na kiwaalike wanafunzi wa uhandisi, tuandike pamoja zabuni moja ya mfano.