Mti wa Mlingoti

Kila jioni saa kumi na mbili, askari ateremshapo bendera mbele ya ofisi za Serikali hapa Machakos, wapitao njiani husimama kimya mpaka imekunjwa. Juma lililopita kijana mmoja, Mkristo mwenye bidii, aliniambia kwamba yeye hupita njia ya nyuma makusudi, asije akasimama. Akaniuliza, "Bwana Karani, je, hiyo siyo ile sanamu waliyoikataa Shadraka, Meshaki na Abednego?" Swali hili si la kuchekwa, na mji wetu una sababu yake wenyewe ya kulisikiliza.

Mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianzisha kituo hapa Machakos. Kituo hutaka bendera, na bendera hutaka mlingoti. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1890 watu wa Kampuni walitafuta mti wa kufaa, wakaukata. Kumbe mti wenyewe ulikuwa wa ithembo, yaani mahali patakatifu ambapo wazee wa Kikamba walitoa sadaka na kuomba mvua! Watu wa Iveti waliinuka kwa hasira, na aliyewaongoza alikuwa mwanamke, nabii aliyeitwa Syonguu.

Wasomaji, tazameni jinsi jambo hili lilivyo la ajabu. Bendera ya Uingereza ni misalaba mitatu iliyounganishwa: wa Mtakatifu George wa Uingereza, wa Andrew wa Uskoti, na wa Patrick wa Ayalandi, ambao uliongezwa mwaka 1801. Wamisionari wa African Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, hawakufika Nzaui mpaka mwaka 1895. Kwa hiyo huenda babu zetu wengi waliuona msalaba juu ya kitambaa kabla hawajasikia ukihubiriwa, nao ulipepea juu ya mti ulionyang'anywa madhabahuni. Na wito wa Kampuni ile ulikuwa Nuru na Uhuru! Mimi nimesoma shule ya misheni, nami nakumbuka tulivyofundishwa kwamba ithembo ni giza tupu. Lakini mtu angeng'oa nguzo ya kanisa letu ili atundike bendera yake, tusingemwita mleta nuru.

Hata hivyo, nilimwambia kijana yule kwamba sipatani naye. Sanamu ya Babeli ilitaka kuabudiwa, na asiyeiabudu alitupwa motoni. Kusimama si kupiga magoti. Bendera yetu iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 haina msalaba wala mwezi. Ina weusi wa watu, wekundu wa damu iliyomwagwa, kijani cha nchi, na mistari myembamba ya weupe wa amani, pamoja na ngao na mikuki. Mwislamu mwenye duka sokoni husimama kando yangu, wala hakuna anayeulizwa dini yake. Mimi sioni kwamba imani yangu imepungukiwa.

Tena, siku zile za Uhuru Mkamba mwenzetu, Kisoi Munyao, aliyefariki mwaka 2007, aliipandisha bendera hiyo katika kilele cha Lenana juu ya Mlima Kenya. Mlima huo wazee wa Kikuyu waliuelekea katika kuomba kwao. Aliisimamisha juu ya mawe na theluji, bila kukata mti wa ibada wa mtu yeyote.

Neno moja nilimkubalia. Siku hizi yako makanisa yanayoiweka bendera ya Taifa mimbarini, karibu kabisa na msalaba. Ningependa ikae mlangoni, mahali tunapoingilia na kutokea. Wako watakaoniona mkaidi, na mchungaji wangu ni mmoja wao.

Tuliagana bila kupatana. Jioni ile kijana alipita njia ya nyuma kama desturi yake, nami nilisimama.