Nani Amelichora Zimwi? Mumiani, Fasihi na Mtaa wa Dandora

Zimwi limedharauliwa kwa muda mrefu katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Aghalabu hufundishwa katika somo la fasihi simulizi, likaorodheshwa pamoja na sungura na fisi, kisha likaachwa huko huko. Mwanafunzi anapofika kwenye riwaya na tamthilia hutarajiwa kuwa amekwisha kukua, na visa vya wanyonya damu huhesabiwa kuwa ushirikina au burudani ya filamu za kigeni. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Zimwi ni njia ya jamii ya kueleza ni nani anayeula mwili wa nani. Kwa hiyo, swali linalomkabili mhakiki si kama zimwi lipo au halipo, bali ni nani amelichora na amelipa sura ya nani.

Fasihi ya Ulaya inatoa mifano inayofahamika. Katika Frankenstein (1818), Mary Shelley alisawiri dubwana lililoumbwa na msomi, kisha likakimbiwa na muumba wake mwenyewe. Katika Dracula (1897), Bram Stoker alimleta London kabaila mwenye ngome, mgeni kutoka mashariki ya Ulaya, anayeishi kwa damu ya wengine. Wapo wahakiki waliomsoma kabaila huyo kama tabaka linalonyonya, na wapo waliomwona kama hofu ya Waingereza kuhusu wageni. Hata Karl Marx, katika Das Kapital (1867), aliufananisha mtaji na mnyonya damu anayeishi kwa jasho la mfanyakazi. Ikumbukwe kwamba taswira hiyo hiyo moja huweza kumshtaki tajiri na pia kumchukiza mgeni. Hapo ndipo ulipo uwezo wake, na ndipo ilipo hatari yake.

Afrika Mashariki haikuhitaji kumwazima Dracula. Pwani ilikuwa na mumiani. Neno hili lenye asili ya Kiajemi lilitaja kwanza dawa nyeusi mfano wa utomvu, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba wengi waliamini dawa hiyo ni damu ya watu waliouawa kwa makusudi. Baadaye neno likahama kutoka kwenye dawa hadi kwa muuaji mwenyewe. Bara nako, katika miji kama Nairobi na Kampala, watu walisimuliana habari za wazimamoto, watumishi wa serikali ya kikoloni waliodaiwa kuwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo na kuzichambua katika kitabu chake Speaking with Vampires (2000). Hakushughulika na kuthibitisha kama damu ilitolewa kweli. Alionyesha kwamba simulizi hizo ni ushahidi wa namna watu walivyoielewa kazi ya mshahara, hospitali, magari na sare za serikali. Mtu ambaye hakuwa na lugha ya uchumi alisema kwamba Mzungu ananyonya damu, na kwa kiasi kikubwa alikuwa amesema kweli. Si ajabu kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliupa unyonyaji nafasi ya kwanza miongoni mwa maovu ya kupigwa vita. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuandaa taswira; siasa iliikuta tayari.

Hata hivyo, ni kosa kuisifu taswira hii bila kuonya. Mwaka 1959, huko Buguruni, Dar es Salaam, umati ulimwua askari polisi katika ghasia zilizotokana na uvumi wa mumiani. Dhuluma iliyowaumiza watu wale ilikuwa ya kweli, lakini sura waliyoipa ilikuwa ya mtu wa karibu aliyeweza kufikiwa kwa mawe. Uvumi hutambua jeraha, lakini mara nyingi hukosea uso wa aliyelitia.

Ndipo kazi ya mwandishi inapohitajika. Ebrahim Hussein, katika Mashetani (1971), alimtoa shetani kwenye mbuyu na kumfanya sura ya ukoloni unaorudi kwa njia nyingine baada ya uhuru. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), alimtoa marehemu kaburini ili amsute mjukuu wake aliyeneemeka serikalini. Waandishi hawa wawili hawakuacha zimwi liangukie yeyote aliye karibu. Walilisogeza hadi kwa mhusika wa dhuluma yenyewe. Tofauti ya fasihi na uvumi ni hiyo.

Swali linalobaki ni kama fasihi ya Kiswahili nchini Kenya imeifanya kazi hiyo mjini. Dandora, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ni mahali pazuri pa kulipima. Mtaa huu ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukiwa na mpango wa viwanja 6,000 vilivyotiwa maji na njia za majitaka, ili watu wa kipato cha chini wajijengee nyumba zao. Karibu na mtaa huo palikuwa na timbo la mawe lililoachwa, likageuzwa kuwa jaa la taka za jiji zima. Mwaka 2001 jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakuacha kuja. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto na vijana 328 walioishi karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kuzidi kile kilichokubalika kimataifa wakati ule. Mwezi Julai 2021 mahakama iliamuru jaa lihamishwe katika muda wa miezi 6. Muda huo ulipita na jaa likabaki pale pale.

Madini ya risasi huvuruga utengenezaji wa damu na kudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Hiyo ndiyo kazi ya mumiani, ila mumiani huyu hana meno, hana gari jekundu, wala haji usiku. Huja mchana, amebebwa na lori lenye kibali. Kwa kuwa hana sura, hakuna anayemkimbia. Anayeonekana wa kutisha ni yule anayeokota chupa na vyuma juu ya jaa, ambaye jiji humwita chokoraa.

Kiswahili kina neno moja kwa madini hayo na kwa kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Risasi ya pili nayo inafahamika Dandora. Mwaka 2008 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa taarifa kuhusu mauaji ya nje ya sheria na watu waliotoweka nchini, ikaipa jina lenye maana ya kilio cha damu. Mauaji ya aina hiyo hutanguliwa na usimulizi. Kabla ya kijana wa mitaa ya mashariki kupigwa risasi, huwa amekwisha kusimuliwa kama zimwi: mavazi yake, nywele zake na anwani yake vimefanywa alama za hatari. Zimwi likishachorwa, hakuna anayeuliza lilikuwa mtoto wa nani.

Vijana wa mtaa huo waliligundua jambo hili kabla ya wahakiki. Wasanii wa rap walioanzia Dandora, kina Kalamashaka na wenzao, waliunda kundi kubwa la Ukoo Flani Mau Mau. Waliazima jina ambalo serikali ya kikoloni, tangu Hali ya Hatari ya mwaka 1952, ilikuwa imelichora kama la mahayawani wa msituni. Kwa kujivika jina hilo walikataa mchoro wa mkoloni na ule wa waliomrithi.

Ipo hoja kwamba kuleta mumiani katika mambo ya jaa na bunduki ni kuharibu ukweli wa takwimu kwa ngano. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuzingatia yaliyotokea Buguruni. Lakini takwimu za mwaka 2007 zimekuwa wazi kwa miaka mingi na watoto bado wanavuta moshi ule ule. Takwimu husema ni watoto wangapi. Haisemi ni nani aliyefaidika, wala haimfanyi msomaji akose usingizi. Riwaya ya kutisha iliyoandikwa kwa uangalifu inaweza kufanya yote mawili.

Inafaa, basi, idara za Kiswahili ziliondoe zimwi katika orodha ya wahusika wa ngano na kulipa nafasi katika mihadhara ya riwaya, tamthilia na ushairi wa mjini. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wasiishie kwenye maktaba. Wakasikilize visa vya usiku vinavyosimuliwa Dandora, Kayole na Mathare, na katika kila kisa waulize nani amekichora kitisho hicho, na nani anaachwa nje ya picha. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watoto wa Dandora wanajulikana kwa idadi, kwa umri na kwa kipimo cha damu yao, na bado wanaliwa.