Cha Asili Nacho Huunguza

Mtoto mwenye pumu ya ngozi halali usiku. Hujikuna shingoni, nyuma ya magoti na kwenye viwiko mpaka shuka linapata madoa ya damu, na mama yake hukesha naye. Asubuhi mama huyo atapewa ushauri na kila amwonaye: jirani, shangazi, muuza vipodozi, kikundi cha WhatsApp. Siku hizi ushauri mwingi una sauti moja, kwamba cha dukani kina kemikali na cha shambani ni salama. Mimi nimelelewa kwa mafuta ya nazi na hadi leo nayapaka, kwa hiyo sina ugomvi na mimea. Ugomvi wangu ni na madai yanayouzwa pamoja nayo, kwa sababu anayeumia yakiwa ya uongo ni mtu ambaye ngozi yake imekwisha kuchubuka.

Nianze na dai linalobeba mengine yote: cha asili hakidhuru. Anayeamini hivyo na awaulize kina mama wanaobangua korosho Mtwara. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua vidole, na mbanguaji hujikinga mikono kabla ya kuligusa. Hakuna kiwanda kilichotia kitu mle ndani. Mti umeyatengeneza wenyewe. Mwembe ni jamaa ya mkorosho, na utomvu wa embe huwatoa watu wengine malengelenge midomoni. Upupu nao huota wenyewe porini. Mimea hujilinda na wadudu na wanyama kwa kemikali kali, nayo haina sababu ya kuihurumia ngozi ya mwanadamu. Kwa upande mwingine, yurea na glisarini, ambazo madaktari wa ngozi huzitegemea sana kwa ngozi kavu, zimo ndani ya ngozi ya kila mtu mwenye afya. Zile za kwenye kopo zimetoka kiwandani, na ngozi huzipokea vilevile.

Dai la pili nalisikia kila mahali: mafuta ya mgando yametokana na petroli, yanaziba ngozi isipumue. Nusu yake ni kweli. Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, baada ya kuona nta iliyokuwa ikiganda kwenye mitambo ya visima vya mafuta ya petroli. Lakini yanayouzwa kwa ajili ya mwili yamesafishwa mara nyingi, na hakuna mtu aliyekosa pumzi kwa kujipaka mgando mguuni. Tunapumua kwa mapafu.

Kinachotoka kwenye ngozi kavu mchana kutwa ni maji. Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizolaliana kama makuti ya paa, na katikati yake mwili umejaza mafuta yake wenyewe, yanayozuia maji yasitoke na vichokozi visiingie. Mwenye pumu ya ngozi ana matundu katika tabaka hilo. Mgando, kwa vipimo vya maabara, huweza kupunguza upotevu wa maji hadi asilimia 98, na hakuna mafuta ya mmea yanayofikia hapo. Tena hauna harufu ukinunua ule mtupu, hauna maji ya kuotesha bakteria, na ni nadra mtu kupata mzio nao. Una kero zake: wakati wa joto la kaskazi hunata, hukusanya vumbi, na wenye vipele vya joto huchukizwa nao. Basi mtu aukatae kwa sababu hizo, ambazo ni za kweli.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, maana huonekana halina madhara: mafuta ya mmea yote ni mamoja, paka uyapendayo. Si mamoja hata kidogo. Mafuta ya zeituni kwa sehemu kubwa ni asidi ya oleiki. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki nyingi, na hiyo ndiyo ngozi yenyewe huitumia kujengea utando wake. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio dogo la watu wazima 19. Walipaka matone machache ya zeituni kwenye mkono, mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Utando wa ngozi ulidhoofika na wekundu kidogo ukajitokeza, hata kwa wale ambao hawakuwahi kuwa na ugonjwa wa ngozi. Alizeti haikufanya hivyo.

Najua zeituni ina heshima kubwa majumbani mwetu. Imetajwa katika Kurani na katika Biblia, na heshima hiyo siigusi. Mezani ni chakula bora. Mtu mwenye ngozi nzima akijipaka mara moja moja hatapata neno. Ninayemhofia ni mtoto mchanga mwenye ngozi ya vipele anayekandwa kwa zeituni asubuhi na jioni, huku bibi yake akiamini kwamba kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya ndivyo anavyopaswa kuongeza.

Alizeti ya Singida na Dodoma tunaikaangia samaki bila kuifikiria zaidi. Katika hospitali moja ya watoto mjini Dhaka, Bangladesh, watoto njiti walipakwa mafuta ya alizeti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba walipata maambukizi machache ya hospitalini kuliko wasiopakwa. Bila shaka hayakuwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Kuna pia alizeti za mbegu mpya zilizokuzwa ziwe na oleiki nyingi ili zivumilie moto wa jikoni. Hizo kwa ngozi kavu si chaguo langu.

Nazi je? Sifa zake nyingi imezipata kwa haki. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, inayopunguza vijidudu. Utafiti wa Ufilipino wa mwaka 2008 ulilinganisha nazi na zeituni kwa wagonjwa wa pumu ya ngozi, na nazi ilipunguza zaidi bakteria wa stafilokokasi, ambao hupenda kuzaliana kwenye ngozi ya namna hiyo na kuichochea. Lakini wanaouza chupa kwa kusema nazi hushinda "mafuta ya petroli" wanaruka utafiti mwingine wa hukohuko Ufilipino, wa mwaka 2004: kwa ngozi kavu ya kawaida, nazi na mafuta ya madini, ndugu wa mgando, vilitoka sare. Kwangu hiyo ni habari njema. Aliye na mnazi uani atumie nazi, na aliye na kopo la mgando asione haya.

Nazi ya nyumbani inataka umakini mmoja. Ukikuna nazi na kukamua tui zito, huliweka kwenye moto mdogo na kukoroga mpaka maji yakauke. Utajua kwa sikio: mchemko unaotatarika hufifia, makapi chini ya sufuria yanakuwa ya hudhurungi, na mafuta yanasimama juu yakiwa angavu. Anayeipua mapema kwa haraka ya kwenda sokoni huacha maji ndani, na baada ya siku chache mafuta yanachacha. Yakitoa harufu kali ya kuchacha, hayafai tena kwa ngozi kavu. Yamekwisha kugeuka kuwa kichokozi. Wala haisaidii kuyaficha kwa marashi.

Neno moja kuhusu karanga, kwa kuwa nimeona mafuta yake yakiuzwa kwa ajili ya watoto wenye ukurutu, yaani pumu ya ngozi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta uhusiano kati ya krimu zenye mafuta ya karanga zilizopakwa watoto wenye vipele na mzio wa karanga baadaye. Chakula kikipita mdomoni mwili huzoea. Kikiingia kwanza kupitia ngozi iliyochubuka, mwili huweza kukichukulia kama adui.

Sabuni za kienyeji nazo zinasemekana hazikaushi. Nawapenda wanaozitengeneza. Kina mama wa Paje wanaochanganya mwani kwenye sabuni wamejipatia kipato katika bahari inayozidi kuwa na joto, na vipande vyao ni vizuri. Lakini sabuni ya kweli, iwe mche wa kiwandani au kipande chenye mwani, ni mafuta yaliyounganishwa na kostiki, na pH yake huwa karibu 9 au 10 wakati ya ngozi ni kama 5. Na sabuni ya nazi ndiyo inayong'oa mafuta kuliko nyingi. Hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia waliipenda, na nguvu hiyohiyo ndiyo inayoacha ngozi kavu ikivutana baada ya kuoga. Kwa hiyo mafuta yanayofaa kupakwa hayawi laini yakishageuzwa sabuni. Mtengenezaji hodari huacha mafuta ya ziada yasiyogeuka, na glisarini hubaki ndani. Hiyo hupunguza makali, haiyaondoi. Mwenye ngozi kavu apake sabuni kwapani, kinenani na miguuni, kwingine maji ya vuguvugu yatosha. Aweke dodoki kando, ajikaushe kwa kugusagusa, na ajipake mafuta mara moja ngozi ikiwa bado na unyevu.

Sasa lile la kikatili: "Ikiwasha, ujue inafanya kazi." Nimesikia likiambiwa mtoto aliyekuwa akilia kwa ndimu iliyopakwa kwenye vidonda vya kujikuna. Ndimu ina pH ya kama 2. Juisi yake ikibaki mwilini na mtu akatoka juani, baadhi ya viambato vyake huungana na mwanga na kuunguza ngozi, kisha huacha mabaka meusi yanayokaa wiki au miezi. Kuwashwa ni ngozi ikilalamika kwamba kitu kimepita mahali kisipopaswa kupita. Hakuna ugonjwa wa ngozi kavu unaotibiwa kwa kuvumilia moto.

Hapa naigusa pia singo ya kusugulia mwili, na nainyenyekea: mawaridi, asumini, mlangilangi na liwa kwa bi harusi wa Unguja ni fahari yetu, na ngozi nzima huifurahia. Ngozi yenye pumu huumizwa na msuguo, na huumizwa na manukato hata yakiwa yametoka bustanini. Karafuu ya Pemba ina yujenoli, ambayo imo katika orodha ya manukato yanayojulikana kuleta mzio, yale ambayo sheria ya Umoja wa Ulaya inalazimisha yatajwe kwenye kifungashio. Sheria hiyo haitofautishi harufu iliyokamuliwa uani na iliyoundwa maabara. Habasoda nayo, pamoja na sifa zake zote, imewahi kuwatoa watu vipele vikali walipojipaka.

Dai la "organiki" nitalipita upesi. Alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007, inathibitisha namna zao lilivyolimwa. Ni alama nzuri na wakulima wanaoipata wameifanyia kazi. Haikupima kama zao hilo likisagwa na kutiwa kwenye krimu litamfaa mtu mwenye ukurutu. Na wanaojisifu kwamba krimu yao haina vihifadhi waulizwe kama ina maji, maana maji bila kihifadhi, kwenye kopo linalochovywa vidole kila siku katika joto la Dar es Salaam, huota bakteria na ukungu kabla jicho halijaona. Mafuta matupu hayana shida hiyo. Jeli ya shubiri iliyokamuliwa nyumbani inayo; ikamuliwe kidogo, ikae kwenye friji, na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda uoshwe kwanza kwa kuwa huchokoza.

Kisha kuna krimu ya mitishamba isiyo na jina la mtengenezaji, inayoponya kila kitu kwa siku tatu. Ogopa sana kasi hiyo. Mjini Birmingham, Uingereza, madaktari walizipima krimu 24 za mitishamba walizokuwa wakipakwa wagonjwa wa pumu ya ngozi, wengi wao watoto. 20 kati yake zilikuwa na steroidi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kwenye masoko yetu kuna pia makopo "ya asili" yenye klobetasoli (steroidi kali), haidrokwinoni au zebaki, mengine yakiuzwa kwa ahadi ya kung'arisha. Steroidi ikiandikwa na daktari, kwa kipimo na muda wake, ni dawa muhimu ambayo mzazi hana haja ya kuiogopa. Ikifichwa ndani ya kopo na kupakwa usoni mwa mtoto kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa hujitokeza, na siku ukiacha, vipele hurudi kwa kishindo. Mama huamini mtishamba ulikuwa ukimsaidia, naye hurudi kununua.

Hata kitu kizuri kijaribiwe kwanza. Paka kiasi cha ukubwa wa sarafu upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Pasipotokea wekundu wala mwasho, endelea kwingine.

Limebaki dai moja, na hili laweza kugharimu maisha: kwamba mafuta ya nazi yanakinga jua. Kinga yanayotoa ikipimwa maabara ni ndogo mno, wakati madaktari hutaka SPF 30 au zaidi. Kwa mtu mwenye ualbino tofauti hiyo ni kubwa sana, kwani saratani ya ngozi huwaua wengi wakiwa bado vijana. Ndiyo sababu Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili yao. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo ampake losheni iliyopimwa kabla hajatoka, amvishe kofia pana na mikono mirefu, amtafutie kivuli saa za adhuhuri. Nazi ampake jioni, baada ya kuoga.